Emma Thompson: ukitaka kumwelewa mwanaharakati, anza na mwandishi

Mwezi Aprili 2019 waandamanaji wa Extinction Rebellion, kundi linalodai hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, waliziba makutano ya Oxford Circus, katikati ya London, kwa mashua ya rangi ya waridi. Mashua hiyo waliipa jina la Berta Cáceres, mtetezi wa mazingira wa Honduras aliyeuawa mwaka 2016. Siku chache baada ya maandamano kuanza, Emma Thompson, mwigizaji na mwandishi wa Uingereza, alipanda juu yake na kuwahutubia watu. Magazeti hayakujishughulisha sana na alichokisema. Yalitaka kujua amefikaje pale, maana alikuwa ametoka Los Angeles kwa ndege, umbali wa zaidi ya kilomita 8,000.

Swali hilo si la kipuuzi, na nitalirudia. Ila limewazoesha watu kumtazama kwa jicho moja tu: mwigizaji tajiri ambaye, akimaliza kazi yake, hutafuta jambo la kulalamikia. Mimi naona ukimtazama hivyo humwelewi. Huyu ni mwandishi kwanza. Alipopigania jambo kwa kazi ya mwandishi, yaani kuyachimba maisha ya mtu mmoja mpaka anayeyatazama ashindwe kupita tu, alifanya kitu cha kudumu. Alipowaazima watu sura yake au sahihi yake peke yake, mambo yalikwenda mrama au yakasahaulika upesi.

Tuanze na tuzo, kwa sababu hapo ndipo watu huchanganya. Emma Thompson ana Oscar mbili. Ya kwanza aliipata mwaka 1993 kwa kuigiza Margaret Schlegel katika Howards End. Ya pili aliipata mwaka 1996 kwa kuandika skripti ya filamu ya Sense and Sensibility. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupata Oscar ya kuigiza na ya kuandika pia. Matt Damon na Ben Affleck ni waigizaji mashuhuri, lakini Oscar waliyoishika pamoja mwaka 1998 ilikuwa ya uandishi. Ugumu wake unaeleweka ukijua utaratibu: waigizaji ndio wanaowateua waigizaji, na waandishi ndio wanaowateua waandishi. Kwa hiyo lazima makundi mawili ya watu wa fani, kila moja na wivu wake wa kazi, yakukubali kwa nyakati tofauti. Halafu kuna aina mbili za tuzo za skripti, ya hadithi mpya na ya hadithi iliyotolewa katika kazi nyingine. Yake ni hii ya pili, na wapo wanaoidharau wakidhani kazi yote ilikuwa imeshafanywa na Jane Austen, mwandishi wa riwaya yenyewe.

Hawajui anakotoka. Alizaliwa London mwaka 1959, mama yake ni mwigizaji Phyllida Law kutoka Scotland, na baba yake alikuwa Eric Thompson. Huyu baba ndiye aliyewapa watoto wa Uingereza The Magic Roundabout, kipindi cha vikaragosi kilichotengenezwa Ufaransa. Hakukitafsiri. Alizitazama picha, akayaweka kando maneno ya Kifaransa, akatunga hadithi zake mwenyewe juu ya picha zilezile. Binti yake alikulia katika nyumba ambamo kuichukua kazi ya mtu mwingine na kuipa uhai mpya lilikuwa jambo la kila siku, tena la kumlisha mtu.

Akaenda kusoma fasihi ya Kiingereza Cambridge, chuo cha Newnham, akaingia Footlights, kikundi cha wanafunzi cha vichekesho. Humo alikutana na Hugh Laurie na Stephen Fry. Mwaka 1980 alikuwa mmoja wa walioandaa onyesho la kwanza la Cambridge la vichekesho lililochezwa na wanawake peke yao. Mwaka uliofuata kikundi kilipata tuzo ya vichekesho ya Perrier huko Edinburgh, na ndiyo kwanza tuzo hiyo ilikuwa inaanzishwa. Yeye alikuwa humo kama mchekeshaji anayejiandikia. Uigizaji wa machozi ulikuja baadaye.

Mwaka 1988 BBC ilimpa kipindi chake mwenyewe cha vichekesho, kilichoitwa Thompson tu. Wahakiki walikiponda vibaya, na Uingereza ilikisahau. Lakini mtayarishaji wa Marekani, Lindsay Doran, aliyefanya naye kazi katika filamu ya Dead Again, aliviona vile vichekesho. Baadhi vilikuwa vya mavazi na mazungumzo ya kizamani. Doran alikuwa kwa miaka mingi akitafuta mtu wa kuiandikia filamu riwaya hiyo ya Austen, mtu anayeweza kuchekesha na kuumiza ndani ya sentensi moja. Akamwomba huyu, ambaye hakuwa amewahi kuandika skripti ya filamu hata moja.

Kazi ilichukua karibu miaka mitano. Rasimu ya kwanza ilikuwa mamia ya kurasa za mwandiko wa mkono, kwa sababu alianza kwa kugeuza kila tukio la riwaya kuwa mazungumzo, kisha akaanza kukata. Ameisimulia mara nyingi ile siku kompyuta ilipoigeuza skripti nzima kuwa alama zisizosomeka. Akatoka nje akiwa na gauni la kulalia, akaita teksi, akaibeba kompyuta mpaka kwa Stephen Fry. Fry alikaa nayo saa saba mpaka maneno yakarudi.

Sasa tazama alichokifanya na riwaya yenyewe, maana hapa ndipo uanaharakati wake unapoanzia, kabla ya mashua yoyote. Mzee Dashwood anafariki, na shamba lote la Norland linakwenda kwa John, mtoto wa kiume wa ndoa ya kwanza. Mjane na mabinti watatu wanabaki na pauni 500 kwa mwaka. John amemwahidi baba yake kitandani kwamba atawasaidia. Anafikiria pauni 3,000. Mkewe Fanny anaanza kumpunguzia: nusu yake yatosha, la, kiasi kidogo kila mwaka, lakini watu wanaolipwa kila mwaka huwa hawafi, basi zawadi za hapa na pale. Kwenye kitabu hayo ni mazungumzo ya sura moja ya watu wawili. Thompson aliyakatakata akayasambaza katika safari yao ya kuja Norland, kila tukio jipya fedha zimepungua, hata wanapofika mlangoni ahadi ya marehemu imeshaisha. Yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi baada ya arobaini anawajua John na Fanny kwa majina mengine.

Baadaye Elinor, binti mkubwa wa mjane yule, na Edward, kaka yake Fanny, wanatembea juu ya farasi. Edward analalamika kwamba hana kazi ya kufanya wala uhuru wa kuichagua, na anaona hali yake na ya Elinor ni moja. Elinor anamjibu kwa upole kwamba kuna tofauti: yeye Edward atarithi mali yake, ilhali wao wanawake hawaruhusiwi hata kuitafuta kwa jasho. Maneno hayo hayamo kwa Austen. Ni ya Thompson. Kwa sentensi moja amemweleza mtazamaji wa mwaka 1995 sheria na desturi za mwaka 1811, riwaya ilipochapishwa, na hakuna aliyehisi amehubiriwa.

Kuna pia Margaret, mdogo wake Elinor, ambaye kwenye riwaya haonekani sana. Thompson alimpa kitabu cha ramani na kumficha chini ya meza ya maktaba, akiwa na huzuni na hataki kuonana na wageni. Edward na Elinor wanamtoa kwa kujifanya hawajui chanzo cha mto Nile kiko wapi, wakataja nchi za ovyo, hata mtoto anashindwa kuvumilia na kupaza sauti kuwa kiko Abisinia, yaani Ethiopia ya leo. Sisi tunaoishi jirani na Ziwa Victoria tuna la kumwongezea huyo mtoto, ila kwa Mzungu wa zama zile jibu lake lilikuwa ndilo la msomi. Na ndani ya dakika mbili tumejua Edward ni mtu gani, jambo ambalo Austen alilifanya kwa kurasa nyingi za maelezo.

Filamu iliongozwa na Ang Lee wa Taiwan, iligharimu dola milioni 16 hivi, ikaingiza takriban milioni 135. Ilitajwa kuwania Oscar saba, ikapata moja tu, ya skripti. Thompson aliwaambia waliohudhuria kwamba kabla ya kuja alikwenda kaburini kwa Austen, katika kanisa kuu la Winchester, kutoa heshima zake na kumwarifu mauzo yanavyokwenda.

Katikati ya miaka hiyo mitano alicheza jukumu ambalo watu hulipita haraka. Katika In the Name of the Father, ya mwaka 1993, yeye ni Gareth Peirce, wakili wa kweli aliyemtetea Gerry Conlon. Conlon na wenzake watatu walihukumiwa mwaka 1975 kwa mabomu ya Guildford ambayo hawakuyatega, wakaachiwa mwaka 1989. Wakili yule alishinda kwa kusoma majalada, karatasi kwa karatasi. Thompson aliteuliwa kuwania Oscar kwa jukumu hilo, na mwaka huohuo akateuliwa pia kwa The Remains of the Day. Sidhani ni bahati tu kwamba uanaharakati wake bora baadaye ulifuata njia ya Peirce: mtu mmoja, jalada moja, ushahidi wote.

Mfano ulio wazi zaidi ni maonyesho yaliyoitwa Journey. Thompson alikuwa karibu na Helen Bamber, mwanamke Mwingereza aliyeingia Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi, mwaka 1945 akiwa na miaka 20 hivi kuwahudumia walionusurika, na ambaye maisha yake yote aliyatumia kuwatibu watu walioteswa. Mwaka 2005 Bamber alianzisha taasisi yenye jina lake, na Thompson amekuwa rais wake. Huko alisikia kisa cha mwanamke kutoka Moldova aliyedanganywa kwamba anapelekwa London kwenye kazi, akauzwa katika ukahaba. Nyumba alimofungiwa ilikuwa katika mtaa ambao Thompson alikuwa akiupita. Alikuwa ameiona ile nyumba mara nyingi, na hakuwahi kujiuliza mlangoni mle wanaingizwa akina nani.

Mwandishi mwingine angeandika makala. Yeye na wasanii wenzake walichukua makontena saba ya mizigo, wakayapanga Trafalgar Square mwezi Septemba 2007, kila moja likiwa hatua moja ya safari ya mwanamke yule: tumaini, safari yenyewe, mavazi ya kazi, chumba cha kulala, mteja, aibu, na kurudi kwenye uhai. Uliingia kwa miguu yako mwenyewe. Katika chumba cha kulala kulikuwa na kitanda, uchafu na harufu, na hukuweza kujifanya unasoma takwimu. Mwaka 2008 makontena yalipelekwa Vienna, penye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu biashara ya binadamu, na mwaka 2009 yakawekwa New York. Hiyo ni skripti iliyojengwa kwa mabati. Ina mhusika mmoja, ina mwanzo na mwisho, na inamweka mtazamaji mahali ambapo asingependa kusimama. Katika yote aliyoyafanya nje ya filamu, hili ndilo naliheshimu kuliko yote.

Yapo na mambo ambayo hayakufanywa mbele ya watu. Mwaka 2003, katika sherehe ya Krismasi ya Refugee Council, shirika la kuwasaidia wakimbizi, jijini London, alikutana na kijana wa miaka 16 kutoka Rwanda, aliyetekwa utotoni na kulazimishwa kubeba silaha, na ambaye alifika Uingereza peke yake akijua Kiingereza kidogo sana. Thompson na mumewe, mwigizaji Greg Wise, walimkaribisha kwao kwa sikukuu. Akazoea, akawa mtoto wa nyumba pamoja na binti yao, akasoma Chuo Kikuu cha Exeter, na baadaye akaingia mwenyewe katika kazi ya haki za binadamu. Mtu akisema Thompson anawatetea wakimbizi kwa maneno matupu, kijana huyo yupo. Na kwa miaka mingi amekuwa balozi wa ActionAid, shirika la kupambana na umaskini, kazi iliyomfikisha Uganda, Ethiopia, Msumbiji, Liberia na Myanmar.

Sasa upande mwingine. Mwaka 2009 mwongozaji Roman Polanski alikamatwa Uswisi kwa kesi ya tangu 1977 ya kumwingilia msichana wa miaka 13, na watu wengi wa filamu walitia sahihi waraka wa kumtetea. Jina la Thompson lilikuwemo. Mwanafunzi mmoja wa Exeter akamkabili alipotembelea chuo na kumuuliza imekuwaje, mtu anayewapigania wanawake waliouzwa. Thompson alimsikiliza, akaomba jina lake liondolewe. Nampa heshima kwa kusikiliza. Wengi wa hadhi yake wangempita binti yule. Lakini tukio lenyewe linaonyesha sahihi ni kitu gani: unaiazima kwa dakika moja, bila kusoma jalada, halafu inakaa mahali usipotaka. Miaka sita baadaye, sakata la benki ya HSBC na wakwepa kodi lilipolipuka, mumewe alitangaza kwamba wao hawatalipa kodi mpaka wahusika wafungwe. Nani anakumbuka?

Na ile mashua. Waliomshambulia kwa sababu ya ndege walikuwa na hoja nusu. Kazi yake humpeleka mbali, naye alikiri kwamba bado analazimika kuruka, ingawa si kama zamani. Hilo halifuti ukweli wa alichokipigania. Gesi joto haijali nani anayeitaja. Lakini mtu anapokuja kama sura, atahukumiwa kama sura. Ukipanda jukwaani kwa sababu unafahamika, umewaruhusu watu wazungumze kuhusu wewe. Kwenye makontena ya Trafalgar Square hakuna aliyeuliza Thompson amefika kwa usafiri gani, maana aliyekuwa pale ni mwanamke wa Moldova.

Lipo jambo moja lisilokaa sawasawa katika hoja yangu. Mwezi Januari 2009 Thompson, pamoja na shirika la mazingira la Greenpeace na watu wengine, walitangaza kwamba wamenunua kipande cha ardhi karibu na kijiji cha Sipson, palepale ambapo uwanja wa ndege wa Heathrow ulitaka kuongeza njia ya tatu ya ndege. Kisha wakawaalika watu wa kawaida wajiandikishe kuwa wanufaika wa ardhi hiyo, na makumi ya maelfu wakajiandikisha. Mantiki yake ni ya kisheria: serikali ikitaka kuitwaa ardhi kwa nguvu, sharti ishughulike na wenye haki nayo, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo mchakato unavyokwama. Serikali mpya iliyoingia mwaka 2010 iliufuta mpango ule, kwa sababu zake na kwa shinikizo la watu wengi, ingawa wazo lilifufuka miaka ya baadaye. Hapo Thompson hakuandika kitu. Alitumia fedha na jina, na ilikuwa akili nzuri. Vivyo hivyo mwaka 2016, yeye na dada yake Sophie walipoingia shambani Lancashire, ambako kampuni ilikusudia kupasua miamba chini ya ardhi ili kutoa gesi, wakapika keki mbele ya kamera licha ya amri ya mahakama. Mkulima mwenye hasira akawazungukia na trekta lake akimwaga samadi. Mwaka 2019, baada ya mitetemeko ya ardhi katika eneo hilo, serikali ilisimamisha uchimbaji wa namna hiyo katika England. Keki hazikuleta uamuzi huo. Ziliwafanya watu wa mbali wajue kwamba kuna shamba linalogombewa.

Mwezi Februari 2019, wiki chache kabla ya ile mashua, alirudi kwenye kalamu. Alikuwa ameajiriwa kutia sauti katika Luck, filamu ya katuni ya kampuni ya Skydance, na kazi ilikuwa imeanza. Skydance ikamwajiri John Lasseter kuongoza idara yake ya katuni. Lasseter alikuwa ameondoka Pixar na Disney baada ya kukiri kwamba aliwakumbatia wafanyakazi kwa namna ambazo hawakuzitaka. Thompson alijitoa, akaandika barua, na Los Angeles Times ikaichapisha. Barua ile karibu yote ni maswali. Kama mwanamume amekuwa akiwagusa wanawake isivyofaa kwa miaka mingi, kwa nini mwanamke atake kumfanyia kazi, ikiwa sababu pekee ya yeye kuacha ni kwamba mkataba unamtaka awe na adabu? Wafanyakazi waliomkuta pale wana hiari gani, ikiwa kumkataa maana yake ni kupoteza ajira? Hakumtukana mtu. Alimweka msomaji kwenye kiti cha yule mfanyakazi wa chini asiyeweza kuondoka kama yeye alivyoweza, na akasema waziwazi kwamba anajua uwezo wa kuondoka ni wa wachache. Lasseter alibaki na kazi yake, na filamu ikatoka mwaka 2022 bila Thompson.

Mwaka huohuo wa 2022 aliigiza katika Good Luck to You, Leo Grande, hadithi ya mwalimu mstaafu mjane anayemlipa kijana ili ajue raha ambayo ndoa haikumpa. Mwishoni anasimama uchi mbele ya kioo na kujitazama, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, bila taa za kumficha. Skripti hiyo si yake. Iliandikwa na Katy Brand. Lakini alikuwa amelipigania suala lenyewe kazini kitambo: alipofanya Brideshead Revisited, iliyotoka mwaka 2008, mwigizaji kijana Hayley Atwell aliambiwa na watayarishaji apunguze mwili, na Thompson akatishia kuiacha filamu hiyo wakiendelea.

Kwa anayetaka kumjua kwa undani, ushauri wangu ni aanze na Sense and Sensibility, na akiipata, aisome na skripti yake iliyochapishwa pamoja na shajara aliyoiandika siku za kurekodi. Humo utamkuta akibishana na Ang Lee, akihangaikia mvua, kondoo na mafua ya waigizaji, na akibadilisha sentensi usiku ili ipigwe picha asubuhi.